Ghorofani Biashara Street: ofisi iliyomuuliza Khalati alizaliwa wapi

Khalati wangu, yaani dadake mamangu, amezaliwa Kibokoni, Mombasa, mwaka 1961. Chuo alichosomea Kurani kiko nyumba ya nne kutoka kwao. Lakini kwa miaka mingi, kila akija Mombasa alipanga foleni ya wageni pale uwanja wa ndege, na siku zake tisini zikikaribia kwisha, usingizi ulimtoka. Alikuwa akikaa barazani na kikombe cha kahawa, ahesabu kwa vidole: zimebaki kumi na tano, zimebaki tisa. Alipostaafu na kutaka kurudi kabisa, mimi ndiye niliyebebeshwa faili. Haya ninayoandika ni kuhusu ofisi ya wakala wa karatasi za uhamiaji iliyotushughulikia, huduma yake, bei yake, na mahali ilipotuangusha, kwa sababu najua si sisi peke yetu wenye jamaa Uarabuni au Ulaya wanaotaka kurudi kuzeekea kwao na hawajui pa kuanzia.

Khalati alimfuata mumewe Muscat mwaka 1981. Huko alizaa, akafanya kazi ya ukarani hospitalini, na mwaka 1990 akapata uraia wa Oman. Mumewe alifariki. Watoto wana kazi zao na familia zao kule kule. Yeye ana pensheni ya riali 520 kwa mwezi, magoti mabovu, na hamu ya kusikia adhana ya msikiti aliokulia. Ndiyo hali halisi tuliyoanza nayo Januari 2025.

Kabla sijafika kwenye ofisi ninayoisifu, lazima nieleze tulikoanzia, maana bila hilo hutaona kwa nini naisifu. Binamu yangu alituunganisha na broka mmoja, kijana mwenye maneno matamu, ofisi yake ni meza ya mkahawa. Hakuuliza mengi. Akasema mama huyu ni mstaafu wa nje, kibali chake ni daraja K, mambo kwisha. Sasa, daraja K ni kibali cha kweli, kipo kwenye sheria ya Kenya. Ni cha mtu aliyetimiza miaka 35 na kuendelea, mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka kisichotokana na ajira, kwa mfano pensheni au kodi ya nyumba, na anayeahidi kwamba hatafanya kazi ya mshahara hapa nchini. Dola 24,000 kwa bei ya mwaka 2025 ni zaidi ya shilingi milioni tatu.

Nikakaa na kalamu. Riali moja ya Oman ni kama dola 2.60, na haiyumbi kwa sababu imefungwa kwa dola. Riali 520 ni dola 1,352 kwa mwezi, dola 16,224 kwa mwaka. Khalati hafiki. Anapungukiwa na zaidi ya dola elfu saba. Nilipomwambia broka, hakushtuka hata kidogo. "Hilo si tatizo, dadangu. Tunaazima pesa, zinakaa kwenye akaunti yake miezi mitatu, tunachapisha stetimenti, tunazirudisha." Gharama yote shilingi 180,000, na ndani yake kuna za kuwapa watu, alisema, bila kutaja watu gani. Malipo ya kwanza 40,000, kwa M-Pesa, kwenye namba yake mwenyewe.

Tulilipa. Niliposikia habari ya kuazima pesa za kuonyesha benki, moyo ulikataa, lakini Khalati alikuwa na haraka, siku zake zilikuwa zimebaki ishirini na mbili, nami nikatuma. Usiku ule Khalati hakula. Saa tano akanigongea mlango: "Mwanangu, mimi na umri huu niandike uongo serikalini? Nikifa kabla ya kurudisha hizo pesa?" Asubuhi tukamwambia broka tumeacha. Amerudisha 15,000. Zile 25,000 bado.

Jirani yetu wa Kuze, ambaye mkwewe ni Mtaliano, ndiye aliyetuelekeza Biashara Street. Wenyeji wanaijua: mtaa wa leso na vikoi, maduka yameanika vitambaa hadi nje, ukipita unashikwa mkono uonyeshwe toleo jipya. Katikati ya maduka mawili ya leso kuna mlango mwembamba wa ngazi. Kibao chake kidogo, hukioni mpaka ukitafute. Juu kuna chumba kimoja kirefu, meza mbili, feni moja, benchi la watu sita. Ukutani wamebandika karatasi kubwa iliyoandikwa kwa mkono: PESA ZA SERIKALI HULIPWA 222222 TU. HAPA HATUPOKEI. Hiyo ni namba ya malipo ya eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, ile ile inayotumika kwa huduma zote za serikali. Karatasi hiyo peke yake ilinipa utulivu ambao sikuupata kwa broka.

Mwenye ofisi ni mama wa makamo, buibui, miwani ya kamba shingoni. Zamani alikuwa karani wa mahakama, na bado ana tabia ya kusoma kila karatasi mara mbili, ya kwanza haraka, ya pili polepole. Nilianza kumweleza habari ya daraja K, pensheni, upungufu. Akaniinulia kiganja, taratibu, akamgeukia Khalati.

"Mamangu, kabla hujanipa karatasi yoyote, hebu nambie. Ulizaliwa wapi?"

"Hapa hapa, Kibokoni."

"Na baba yako?"

"Babangu naye hapa, mtaa wa Mkomani."

"Ulipoondoka ulikuwa na pasi ya nchi gani?"

Khalati akafungua pochi, akatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake pasi ya Kenya ya mwaka 1981, imekatwa pembe. Ameihifadhi miaka arobaini na minne. Mimi sikujua kama anayo. Broka hakuwahi kuuliza.

Yule mama akaeleza kwa utulivu, na mimi naeleza kama nilivyomwelewa. Aliuliza habari ya baba kwa sababu Khalati alizaliwa kabla ya uhuru. Aliyezaliwa Kenya na mzazi wake mmoja naye kazaliwa Kenya, alikuwa raia moja kwa moja tangu tarehe 12 Desemba 1963. Kwa hiyo Khalati alikuwa Mkenya wa kuzaliwa. Alipochukua uraia wa Oman, katiba ya wakati ule haikuruhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, akaupoteza wa Kenya. Katiba ya 2010, ibara ya 14, inampa haki Mkenya wa kuzaliwa aliyepoteza uraia namna hiyo kuomba na kurudishiwa.

Khalati alinyanyuka kidogo kwenye kiti. Mama akamwekea mkono: "Ngoja kwanza. Oman watakubali uwe na mbili?" Hawakubali. Sheria yao hairuhusu uraia wa nchi mbili ila kwa idhini maalumu ya Sultani. Akiuchukua wa Kenya anahatarisha ule, na pensheni iko kule, na wajukuu wako kule.

Ndipo alipovuta kitabu, sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011, kifungu cha 37. Akatusomea kwa Kiingereza kisha akafasiri. Wa kwanza kabisa kutajwa kati ya wanaoweza kupewa ukaazi wa kudumu ni aliyekuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa, akapoteza uraia huo, na nchi aliyohamia haimruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Hakuna dola 24,000 pale. Hakuna stetimenti ya kuazima. Khalati akamwomba asome tena. Akasoma tena. Khalati akasema, "Kumbe nina mahala pangu humo ndani," akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kazi ya wakala, kwangu mimi, ilikuwa imefanyika pale pale, kwa maswali matatu, na kwa ada ya kwanza ya shilingi 2,000.

Yaliyofuata ni karatasi, na hapo ndipo nilipoona mkono wa mtu anayeijua kazi yake. Alitandaza mezani cheti cha kuzaliwa, pasi ya zamani, pasi ya Oman na kitambulisho cha Oman, vinne sambamba. Akapitisha ukucha wake wenye hina juu ya kila herufi ya jina. Cheti: Mwanaisha. Pasi ya Kenya: Mwana Aisha, maneno mawili. Pasi ya Oman: Aisha, bint, jina la baba, kisha kabila mwishoni ambalo kwenye karatasi za Kenya halipo kabisa. Kisha tarehe. Cheti kinasema 14 Agosti 1961. Pasi ya Oman inasema 1 Januari 1961, kwa sababu karani wa kule mwaka 1990 aliandika mwaka akajazia siku. Sisi tulizoea, hatukuona kitu. Yeye akasema hawa kwenye karatasi ni watu watatu, na anayepokea faili hamjui Khalati, anajua karatasi tu. Tukaandikiwa hati ya kiapo kwa wakili, shilingi 1,500, inayosema majina yote ni ya mtu mmoja, na kueleza ile tarehe.

Upande wa Oman ulikuwa mzito zaidi. Zilihitajika cheti cha tabia njema cha kule, uthibitisho wa uraia, na barua inayoonyesha kwamba nchi ile hairuhusu uraia wa pili. Zote hizo zipigwe muhuri na wizara yao ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa Kenya Muscat, na za Kiarabu zifasiriwe. Binti yake Khalati alizishughulikia huko, ikamgharimu kama riali 68, yaani shilingi 22,800 hivi, na kuzituma huku 6,400. Hapa Mombasa tukachukua alama za vidole Huduma Centre kwa ajili ya cheti cha polisi, 1,050 kwenye eCitizen. Vidole vya Khalati vimechakaa kwa kufua na kupika, mara ya kwanza alama hazikutoka, ikabidi arudi. Picha 500.

Ada ya ofisi yenyewe, ukitoa ile 2,000 ya mwanzo, ilikuwa 33,000 kwa mafungu matatu: kumi ya kufungua faili, kumi ya kuwasilisha, kumi na tatu jibu likitoka. Kila fungu na risiti yenye muhuri. Jumla yetu, bila ada ya serikali, ilifika kama 67,000. Ada ya serikali tuliilipa wenyewe kwenye eCitizen, mimi nikibonyeza simu yangu na yeye amekaa mbali mikono kaikunja. Nawashauri mzitazame pale pale kwenye mfumo siku mnayolipa, kwa sababu ada za uhamiaji zilibadilishwa kuanzia Machi 2024 na orodha za zamani bado zinazunguka kwenye simu za watu, na broka huzipenda sana hizo.

Kwenye lile benchi tulikaa sana, na nikajifunza kwamba kila mmoja ana mlango wake. Kulikuwa na mzee wa Kijerumani anayekaa Mtwapa, pensheni yake inavuka kile kiwango, naye kibali cha daraja K kinamtosha. Kina muda, kikiisha anakifanya upya na kulipa tena. Kulikuwa na dada wa Likoni na mumewe Mwingereza: ndoa ikitimiza miaka mitatu mume anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, ikitimiza saba anaweza kuomba uraia wenyewe. Na kulikuwa na kaka aliyezaliwa Mombasa, raia wa Uingereza, aliyekuwa ameuziwa na mtu mwingine kibali cha mstaafu. Uingereza inaruhusu uraia wa nchi mbili. Huyo anahitaji tu kurudishiwa uraia wake. Yule mama alimweleza kwa dakika kumi, akamwonyesha pa kujaza, akamtoza zile 2,000 na kumwambia hana haja ya kumlipa zaidi. Niliyaona kwa macho yangu.

Sasa mabaya, na sitayafunika.

Alituambia miezi minne. Ilikuwa tisa. Sehemu ya kuchelewa ilikuwa yetu, maana karatasi za Muscat zilichukua muda. Lakini miezi miwili na nusu ni kosa la ofisi. Ile barua ya kuthibitisha kwamba Oman hairuhusu uraia wa pili ilifasiriwa na mfasiri ikarukwa mstari mmoja, na mstari wenyewe ndio uliobeba neno lenyewe. Faili likarudishwa. Yeye anayesoma kila kitu mara mbili, hiyo hakuilinganisha na asili yake kwa sababu Kiarabu chake ni cha kusoma tu, si cha kisheria, na siku ile mfasiri wake wa kawaida alikuwa safarini. Alikiri waziwazi mbele yetu, akalipa tafsiri mpya kutoka mfukoni mwake. Nashukuru alikiri. Lakini Khalati alilazimika kurudi Muscat siku zake zilipokwisha na kuingia upya: tiketi, na ada ya ile idhini ya kusafiria ya mtandaoni, dola 30 na ushei. Hizo hakuna aliyezirudisha.

La pili ni ardhi. Khalati alikuwa na akiba, na tulishaanza mazungumzo ya kununua kiwanja Bamburi, hati ya umiliki usio na kikomo. Ziara ya tatu, kwa kupitapita tu kwenye mazungumzo, ndipo mama alipotuambia kwamba ukaazi wa kudumu haumfanyi Khalati kuwa raia mbele ya sheria ya ardhi. Ibara ya 65 ya katiba inasema asiye raia humiliki ardhi kwa kukodi tu, muda usiozidi miaka 99. Kwa mama wa miaka sitini na nne, miaka 99 si kitu cha kumtisha, na mwishowe alichukua fleti ndogo Kizingo yenye hati ya namna hiyo. Lakini jambo hilo lilifaa kusemwa siku ya kwanza. Mstaafu anaporudi, swali la pili baada ya karatasi ni nyumba. Nimemwambia, naye amelikubali, na nasikia siku hizi anaanza nalo.

Simu ya ofisi haipokelewi baada ya saa nane mchana. Ijumaa wanafunga saa sita na kufungua saa tisa, na hilo ni sawa, ila wangeandika mlangoni. Ujumbe wa WhatsApp hujibiwa usiku, kwa sauti, dakika tatu nzima, na zina maelezo kamili kuliko barua nyingi nilizowahi kupokea.

Cheti cha ukaazi kilitoka Oktoba. Tulikwenda kumlipa fungu la mwisho, 13,000, na yeye akataka kwanza akione kwa macho. Akakisoma haraka. Akakisoma polepole. Akapitisha ukucha kwenye jina, kwenye tarehe, kwenye namba ya pasi, akasema "Sawa, ni wewe," ndipo akaandika risiti. Khalati alimletea sinia ya mahamri na mbaazi za nazi, tukala sote na waliokuwa kwenye benchi.

Kwa anayetaka kwenda: fikeni saa mbili na nusu asubuhi, kabla benchi halijajaa. Bebeni kila karatasi ya zamani mliyo nayo, hata ile mnayodhani ni takataka, pasi iliyokatwa pembe, kipande (kitambulisho) cha baba, cheti cha ndoa ya babu. Ngazi ni thelathini na moja, wima, hazina mshikio upande wa kulia, na kwa Khalati zilikuwa mateso kila ziara. Tulilalamika sana kuhusu hilo. Sasa wameweka kiti chini, ndani ya duka la leso la upande wa kushoto. Ukiwa na mtu mzima, mwambie muuza leso, atapiga kelele juu, na mama atashuka na faili lake.